Breka Ipi, Shoti Ipi? Majina ya Vifaa vya Umeme na Mtandao, na Gharama ya Kuyachanganya

Buhongwa, kata iliyo kusini mwa jiji la Mwanza katika Wilaya ya Nyamagana, bado inajengwa. Kando ya barabara iendayo Usagara na Shinyanga maduka ya vifaa vya ujenzi na vya umeme yamepangana, na nyuma yake nyumba mpya zinaendelea kuinuka. Nyumba hizo hazitaki tena taa na soketi peke yake. Mwenye nyumba anataka pia intaneti, king'amuzi, kamera za ulinzi, na pengine betri na inverta za kumvusha siku umeme unapokatika. Kwa hiyo majina ya fani mbili ambazo zamani hazikukutana, ya umeme na ya mawasiliano ya kompyuta, sasa yanatajwa juu ya kaunta moja.

Hapo ndipo watu wanapokanganyikiwa. Mteja akiomba swichi, muuzaji hana budi kuuliza: ya taa au ya mtandao? Akiomba adapta, maswali yanaongezeka. Lakini akiomba "breka ya kuzuia shoti", mara nyingi hakuna anayeuliza chochote. Anapewa breka, analipa, anaondoka, na huenda alichobeba hakifanyi kabisa kazi aliyoikusudia.

Je, tatizo ni uhaba wa maneno ya Kiswahili, wingi wa maneno ya kigeni, au kitu kingine? Majibu yanayotolewa ni mengi, na kila moja lina hoja yake. Kabla ya kuyapima, ni vyema kuona majina yanagongana wapi hasa.

Upande wa mtandao: jina moja, vitu vingi

Swichi ya taa hufunga na kufungua njia ya umeme. Swichi ya mtandao ni kiboksi chenye matundu ya kuchomeka nyaya, nayo huunganisha kompyuta, printa na kamera ndani ya mtandao mmoja na kuufikisha kila ujumbe kwenye kifaa kilichokusudiwa. Ingawa jina ni moja, kosa hapa si zito: muuzaji na mteja wakionyeshana kitu, wanaelewana papo hapo.

Ugumu zaidi uko kwenye ruta. Kifaa kinachouzwa kwa jina hilo huwa kimebeba kazi kadhaa ndani ya ganda moja. Kazi ya ruta yenyewe ni kuunganisha mitandao miwili, ule wa nyumbani na ule wa mtoa huduma. Matundu ya nyuma yenye herufi LAN ni swichi. Antena zinazorusha mawimbi ya Wi-Fi ni kifaa cha tatu. Ikiwa ruta inatumia laini ya simu au inapokea mkongo moja kwa moja, ndani yake mna pia modemu, inayobadilisha ishara za njia ile ziwe ishara za kompyuta. Mtaani fungu hilo lote huitwa "Wi-Fi", na wapo wanaoliita "modemu".

Matokeo yake huonekana pale mtu anapotaka mawimbi yafike chumba cha nyuma. Alichohitaji ni kirushio cha mawimbi tu, lakini kwa kuwa hakina jina lake mtaani, anauziwa ruta ya pili. Waya utokao kwenye ruta ya kwanza ukichomekwa kwenye tundu la LAN la ruta ya pili badala ya lile la WAN, la upande wa mtoa huduma, na mipangilio ikaachwa ilivyotoka dukani, ruta zote mbili zitagawa anwani ndani ya mtandao mmoja. Baadhi ya simu zitapata intaneti na nyingine zitakosa, huku alama ya Wi-Fi ikiwa imejaa kwenye kila skrini. Mwenye nyumba atamlaumu mtoa huduma, mtoa huduma atamlaumu fundi, na kumbe kosa lilianzia kwenye jina.

Adapta nayo ni vitu vitatu. Ni kile kichwa kinachowezesha plagi ya pini mbili kuingia kwenye soketi ya pini tatu za bapa. Ni kile kifaa kinachoshusha umeme wa volti 230 hadi volti 9 au 12 zinazohitajiwa na ruta. Na ni kile kiboksi kinachopitisha umeme na data pamoja kwenye waya mmoja wa mtandao hadi kwenye kamera au redio iliyo juu ya paa. Hata ukishajua unataka ya aina ya pili, bado unahitaji namba: volti zilingane na zilizoandikwa kwenye kifaa, ampea zilingane au zizidi, na ncha chanya na hasi zikae mahali pake. Ruta inayohitaji ampea 1.5 ikipewa adapta ya ampea 0.5, itazima na kuwaka bila kukoma. Kifaa cha volti 12 kikipewa volti 24, huenda kikaungua.

Hasara zote hizo ni za fedha na muda. Zinaudhi, lakini haziui.

Upande wa umeme: jina lililochanganywa linapoua

Neno "shoti" hutumiwa kwa matukio mawili tofauti. La kwanza ni pale waya wa moto na waya wa nyutro zinapogusana. Umeme hupita kwa wingi mno bila kizuizi, nyaya zikapata joto, cheche zikaruka, na nyumba ikaweza kuungua. La pili ni pale mtu anapogusa waya wa moto, au kifaa ambacho umeme umevuja kwenye ganda lake, na umeme ukapita mwilini mwake kuelekea ardhini. Watu husema nyumba imeungua kwa shoti, na husema pia fundi amepigwa shoti.

Kwa sikio ni kitu kimoja, lakini ukiyapima matukio hayo yako mbalimbali sana. Katika shoti ya nyaya, mkondo unaweza kufika mamia ya ampea. Katika shoti ya mwili, miliampea makumi kadhaa zikipita kifuani zinatosha kuvuruga mapigo ya moyo.

Sasa tuje kwenye breka. Breka ya kawaida, ile ndogo yenye kitufe inayopangwa kwenye boksi la kugawia umeme, inalinda nyaya. Iliyoandikwa ampea 32 huanza kukata mkondo ukizidi kiwango hicho, na hukata papo hapo nyaya zikigusana. Mkondo unaomuua mtu ni mdogo mno kwake, haiuhisi hata kidogo. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, ambacho huulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake umeme unavuja mahali, pengine kupitia mwili wa mtu, nacho hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kati ya ampea 32 na miliampea 30 kuna tofauti ya zaidi ya mara 1,000. Hata hivyo, kwa kuwa vyote viwili hukaa kwenye boksi moja na hufanana kwa sura, vyote huitwa breka. Wachache hukiita hicho cha pili kwa herufi zake, RCD.

Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, mtego unaonekana. Mteja anasema anataka breka ya kuzuia shoti, akifikiria watoto wake na pasi yenye waya uliochubuka. Muuzaji anasikia shoti ya nyaya, anatoa breka ya ampea 32. Hakuna aliyedanganya, na bidhaa inaweza kuwa halali kabisa. Ila nyumba hiyo imelindwa dhidi ya moto, na watu waliomo hawajalindwa dhidi ya umeme.

Rangi za nyaya, ambazo nazo ni majina ya namna yake, zina mtego kama huo. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza tuliourithi, nyekundu ilikuwa ya moto na nyeusi ya nyutro; kwenye umeme wa fezi tatu, moto ulikuwa nyekundu, njano na bluu. Uingereza ilianza kutumia rangi mpya mwaka 2004 na kuzifanya za lazima mwaka 2006: kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro, na katika fezi tatu ni kahawia, nyeusi na kijivu. Kwa hiyo bluu, ambayo zamani iliweza kuwa moto, sasa ni nyutro, na nyeusi, iliyokuwa nyutro, sasa inaweza kuwa moto. Madukani kwetu nyaya za mifumo yote miwili zinapatikana. Fundi anayekarabati mashine ya kusaga kwa kuamini rangi peke yake, bila kupima kwa testa, anacheza na roho yake.

Mkanganyiko umetoka wapi

Sababu ya kwanza ni jinsi vitu vilivyotufikia. Kila kifaa kilipoingia Afrika Mashariki kilipata jina kutoka kwa waliokileta au kutoka kwa kitu kilichofanana nacho. Radi ilitupatia "umeme". Wakenya walichukua "stima" kutoka kwenye injini ya mvuke. "Simu" lilikuwa jina la waya, lenye asili ya Kiajemi. Likawa la telegramu, likawa la kuongea kwa mbali, na leo ni la kifaa kisicho na waya wowote. Feni ya dari tunaiita "pangaboi", jina lililotoka kwa watumishi wa enzi za ukoloni wa Uingereza nchini India waliokuwa wakivuta kamba za kupepea wakubwa wao. Majina hayo hayakupangwa na mtu, ndiyo maana hayafuati utaratibu mmoja.

Sababu ya pili ni njia za kujifunzia kazi. Mafundi wengi wameipata kazi kwa kumfuata fundi mkubwa, na maneno wameyapata kwa sikio: laivu, nyutro, ethi, holda, meni swichi, fezi. Mwanafunzi wa shule ya msingi husoma habari za umeme kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari anaanza upya kwa Kiingereza. Anayeingia kwenye mafunzo ya ufundi stadi ya VETA, ambayo Mwanza ina chuo chake Nyakato, hukutana na lugha zote mbili, pamoja na ile ya mtaani aliyotoka nayo. Watu watatu wanaofanya kazi kwenye boksi moja la umeme wanaweza kuwa na misamiati mitatu.

Sababu ya tatu ni bidhaa zenyewe. Karibu kila kitu kinatoka nje, na maandishi ya kwenye ganda ni ya Kiingereza, mara nyingine na Kichina. Muuzaji anayeagiza mzigo Kariakoo au Dubai anaagiza kwa jina la kwenye katoni.

Sababu ya nne ni kuchelewa. Hatuwezi kusema Kiswahili hakikufanyiwa kazi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa mwaka 1967, na Zanzibar ikapata BAKIZA katika miaka ya 1980. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2011 ikachapishwa Kamusi Sanifu ya Kompyuta ya Omari Kiputiputi. Lakini kamusi ikitoka miaka kadhaa baada ya kifaa kuzoeleka dukani, inamkuta mteja ameshapata jina lake.

Hoja ya kwanza: kila kifaa kipate jina la Kiswahili

Walio upande huu wanasema lugha iliyokubaliwa kuwa ya sheria na mahakama, kama marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalivyoweka nchini Tanzania, haiwezi kushindwa kutaja soketi. Nguvu ya hoja yao ni uwazi. Jina lililoundwa kutokana na kitenzi hueleza kazi: kipaza sauti hupaza sauti, king'amuzi hung'amua mawimbi. "Kipanga njia" humwambia hata asiyejua Kiingereza kwamba ruta huzipangia data njia ya kupita. Kiambishi ki- kina uwezo wa kuzaa majina karibu bila kikomo.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba uwazi si sawa na upambanuzi. "Kisambaza data" ni jina jingine linalopewa ruta, na kusambaza ni kitenzi cha Kiswahili safi. Lakini ruta husambaza data, swichi husambaza data, na kirushio cha Wi-Fi nacho husambaza data. Jina limeeleweka, na kifaa bado hakijajulikana. Udhaifu wa pili ni ushindani wa majina. Kompyuta imekuwa tarakilishi na ngamizi. Neno la siri limekuwa pia nywila. Majina matatu yenye heshima sawa hayamsaidii mtu anayesoma maelekezo ya kufunga kifaa.

Hata hivyo, wanaosema majina ya kuundwa hayashiki wanasahau king'amuzi. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012, na miji mingine ikafuata mwaka uliofuata. Katika kipindi hicho nyumba nyingi zilizotaka kuendelea kutazama televisheni zililazimika kununua kifaa kipya, na Serikali, redio, magazeti na wauzaji wote walikitaja kwa neno moja. Neno lilifika siku ile ile bidhaa ilipofika. LUKU ilifuata njia hiyo hiyo: herufi za Lipa Umeme Kadri Utumiavyo zikawa jina la mita, la huduma, na hata la umeme wenyewe unaonunuliwa. Ruta haikupata bahati hiyo. Iliingia nyumba moja moja, kimya kimya, bila tangazo.

Hoja ya pili: tutohoe

Wa upande huu wanasema tuseme ruta, swichi, modemu, breka, soketi, inverta, tuziandike kwa tahajia ya Kiswahili, tusonge mbele. Nguvu yao kubwa ni kwamba jina la mdomoni linafanana na la kwenye katoni. Anayesema "ruta" atalitambua neno hilo kwenye boksi, kwenye kitabu cha maelekezo, na kwenye video ya fundi wa nchi nyingine. Maneno haya pia yameshaenea. Mfanyabiashara wa Mwanza na mwenzake wa Kisumu huenda wakatofautiana kuhusu umeme na stima, wasitofautiane kuhusu soketi.

Udhaifu ni kwamba tunapotohoa neno tunatohoa na mafundo yake. Waingereza wenyewe wana neno moja kwa swichi ya taa na ya mtandao, na moja kwa adapta za aina zote. Mara nyingine sisi tunaongeza fundo letu: "shoti" ya nyaya na "shoti" ya mwili kwa Kiingereza ni maneno mawili tofauti, yalipotua kwenye ulimi wetu yakawa moja. Tahajia nazo hutangatanga, na kanda ya ziwa, ambako Kisukuma hakina sauti ya r, ruta huweza kusikika "luta" na breka "bleka". Hilo halimzuii mtu kuelewana na jirani yake, ila humsumbua anapotafuta neno kwenye simu. Na mpaka una nguvu: ukivuka kwenda Goma au Bukavu, unakuta maneno mengi ya ufundi yametoholewa kutoka Kifaransa.

Hoja ya tatu: Kiingereza kibaki

Hoja hii hutolewa zaidi na wahandisi na walimu wa vyuo. Vitabu, mitihani, vyeti vya kimataifa vya mitandao na mipangilio ya ndani ya ruta viko kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma kwa Kiingereza ataajiriwa Mwanza, Kampala au Doha bila kujifunza majina upya. Hayo ni kweli, na mzazi anayelipa ada hawezi kuyapuuza.

Lakini hoja hii inamtazama mtaalamu na kumsahau anayeishi na kifaa. Anayelala katika nyumba hiyo, anayechomeka pasi, anayemwagia maji sakafu yenye ekstensheni, mara nyingi hana Kiingereza cha kutosha kuelewa onyo la hatari. Fundi aliyeishia darasa la saba naye ndiye anayefunga nyaya za nyumba nyingi. Usalama wa umeme hauwezi kutegemea lugha ambayo anayehatarishwa haielewi.

Hoja ya nne: mtaa uamue

Wengine wanasema lugha ni ya watu. Fundi na mteja wataelewana kwa namna yao. Ni kweli kwamba jina lisilokubalika mtaani hufa. Lakini soko huchagua jina fupi, na jina fupi si lazima liwe linalopambanua. Tena soko hulipa gharama ya makosa madogo peke yake. Adapta isiyofaa hurudishwa dukani, na muuzaji hujifunza kuuliza vizuri zaidi. Aliyepigwa shoti akafa harudi dukani kusahihisha jina. Kwa hiyo mahali ambapo kosa ni zito zaidi, ndipo soko linapojifunza polepole zaidi.

Kuweka kwenye mizani

Wataalamu wa istilahi wana vigezo vya kupimia majina. Kiingi wa Uganda alipendekeza orodha inayogusa usahihi, ufupi, uwezo wa kuzaa maneno mengine, ukimataifa, uwazi, mpangilio na kukubalika. Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko waliandika mwongozo wa kuunda istilahi za Kiswahili uliotolewa na TUKI mwaka 1992. Tatizo la vigezo hivi ni kwamba huvutana. Jina wazi huwa refu, jina la kimataifa huwa halina uwazi, na jina sahihi huenda lisikubalike. Ukivipa vyote uzito sawa kwa kila kifaa, hutafika popote.

Historia ya umeme wenyewe inatoa fununu. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1938 ikatoa toleo la kwanza la msamiati wa kimataifa wa umeme. Eugen Wüster wa Austria, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa taaluma ya istilahi, alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1931 akijadili usanifishaji wa lugha ya ufundi, hasa ufundi wa umeme. Mpango wake ulikuwa huu: pambanua dhana kwanza, kisha itafutie jina. Sisi tumekuwa tukigombania jina kabla ya kukubaliana ni vitu vingapi vinavyohitaji majina.

Kwa mtazamo huo, ugomvi wa Kiswahili asilia dhidi ya utohozi unapungua uzito. "Breka" si tatizo kwa sababu ni neno la kigeni. Ni tatizo kwa sababu limefunika dhana mbili ambazo mtu anahitaji kuzitenganisha ili aishi. Tungeliita kikata umeme bado lingeua, maana vifaa vyote viwili hukata umeme. Kigezo kinachofaa kutangulizwa basi ni ukubwa wa hatari: kadiri kosa linavyoweza kugharimu zaidi, ndivyo jina linavyopaswa kudhibitiwa zaidi.

Kwa kipimo hicho vifaa vinajipanga katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya uhai: breka, ethi (waya wa ardhini), waya wa moto, shoti, rangi za nyaya. Hapa kila dhana iwe na jina lake, na jina liwe linaeleweka kwa asiye fundi. "Breka ya nyaya" na "breka ya uvujaji" zinatosha: nusu ya jina imetoholewa na imeshazoeleka, nusu inaeleza kazi. Shoti ibaki kwa nyaya, na mtu tuseme amepigwa na umeme. Hasara ni urefu wa jina, na katika ngazi hii inafaa kuvumiliwa.

Ngazi ya pili ni ya fedha: ruta, swichi, modemu, adapta, inverta, stabilaiza. Hapa utohozi unafaa zaidi, kwa kuwa mteja anahitaji jina litakaloungana na maandishi ya kwenye katoni. Kinachohitajika ni kuongeza neno la pili na namba: swichi ya mtandao ya matundu manane, adapta ya ruta ya volti 12 na ampea 1.5. Ngazi ya tatu ni ya mazoea: pangaboi au feni, friji au jokofu, runinga au televisheni. Huko mtaa uachwe ujiamulie.

Nani abebe mzigo

Kamusi peke yake haitabadilisha lugha ya kaunta. Panapoweza kufanya hivyo ni mahali ambapo fundi, bidhaa na mteja hukutana kwa lazima, yaani kwenye taasisi zinazowasimamia au kuwahudumia. EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa umeme. VETA hufundisha na pia hurasimisha ujuzi wa waliojifunza kazini. TBS husimamia viwango vya bidhaa. TCRA husimamia vifaa vya mawasiliano, na TANESCO, shirika la umeme, hukutana na kila mwenye nyumba siku ya kuunganishiwa umeme. Kila moja inaweza kulitia jina mahali lisipokwepeka: kwenye mtihani, kwenye lebo, kwenye fomu ya ukaguzi.

Ushahidi kwamba hili linawezekana upo karibu. Mwaka 2024 mita nyingi za malipo ya kabla duniani zililazimika kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa sababu ya ukomo wa mfumo wao wa kuhesabu tarehe. Maelezo ya kiufundi yalikuwa magumu, lakini TANESCO haikuhitaji kumfundisha mteja nadharia. Ilimpa makundi ya tarakimu 20 na maelekezo ya kuyaingiza kwa mpangilio, kwa Kiswahili cha kawaida, mita kwa mita. Mteja akiwa na jambo la kufanya mkononi, maneno machache yaliyopangwa vizuri yanamtosha.

Usanifishaji huu una gharama zake. Mafundi wazoefu watalazimika kubadili maneno waliyoyatumia maisha yao yote, na wengine watahisi wanadharauliwa. Mitihani itahitaji kuandikwa upya. Majina ya Tanzania yanaweza kutofautiana na yatakayochaguliwa Kenya. Ndiyo sababu ya kuanza na maneno machache ya ngazi ya kwanza badala ya orodha ya maelfu: gharama inakuwa ndogo, na faida inapimika kwa maisha ya watu.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko unaosikika kwenye maduka ya Buhongwa umeletwa na vifaa kutufikia kwa njia nyingi, mafundi kujifunza kwa lugha tofauti, na kamusi kufika baada ya bidhaa. Majina ya Kiswahili yana uwazi, ila mara nyingine hayapambanui. Utohozi unatuunganisha na soko la dunia, ila unabeba mafundo ya lugha nyingine na kuongeza yetu. Kiingereza kinamfaa mtaalamu na kumwacha mkaaji wa nyumba. Mtaa una uhalali, lakini haujifunzi haraka pale kosa linapoua. Hakuna upande unaoshinda kwa vifaa vyote, na hakuna ulazima wa kuwepo mshindi mmoja. Neno litoke kokote, mradi mahali penye hatari lisibebe maana mbili. Wa kwanza kulifanyia kazi hilo si lazima awe baraza wala wizara: muuzaji anayeulizwa breka ya kuzuia shoti anaweza kuanza leo, kwa kuuliza kama mteja anataka kulinda nyaya au kulinda watu, kisha akamwambia kwamba nyumba inahitaji breka zote mbili.